Mwenye Kisa cha Filimbi

Juzi nimeitazama tena ile filamu ya profesa aliyeokota filimbi katika pwani ya Uingereza, akaipuliza, akajiitia asichokijua. Usiku ule taa sikuizima. Jonathan Miller aliitengeneza kwa televisheni ya BBC mwaka 1968. Haina rangi, wala haitimizi saa moja. Lakini mwenye kisa alikuwa amekwisha kuzikwa tangu 1936, naye ndiye nitakayemzungumza leo.

Montague Rhodes James alizaliwa Kent tarehe 1 Agosti 1862, baba yake akiwa kasisi, akakulia Suffolk. Alisoma Eton, kisha King's College huko Cambridge, ambako alikuja kuwa mkuu mwaka 1905. Mwaka 1918 akarudi Eton kuwa mkuu wa skuli hiyo mpaka kufa kwake. Hakuoa. Mapenzi yake yalikuwa ni hati za kale zilizoandikwa kwa mkono. Alizisoma na kuziorodhesha maktaba kwa maktaba. Sisi tuliosoma chuoni, tukafunzwa kuufungua msahafu kwa adabu, mtu wa namna hiyo hatuoni tabu kumfahamu.

Visa vya kutisha vilikuwa burudani yake tu. Siku za Krismasi aliwakusanya rafiki zake chumbani, akazima mishumaa yote ila mmoja, akawasomea. Mmoja wao, James McBryde, alianza kuvichorea visa hivyo. Akamaliza picha nne tu, akafariki Juni 1904. James alikataa katakata mchoraji mwingine asimalizie kazi ya marehemu. Kitabu kilitoka mwaka ule ule na picha zile nne, kiwe ukumbusho. Binti ya McBryde alizaliwa yatima, na James akawa mlezi wake.

Katika picha hizo imo ya profesa na shuka iliyoinuka kitandani yenyewe. Miller naye alitegemea shuka hiyo hiyo: hakuna pembe wala damu, na khofu ikaingia barabara. Kwa hilo nampa haki yake.

Ila kuna jambo sikubaliani naye. Profesa wa James ni kijana mwenye akili timamu. Miller, kwa kumtumia Michael Hordern, alimfanya mzee wa kunung'unika peke yake, hata mtazamaji asijue kama balaa imetoka nje au kichwani mwake. James hakuiacha shaka hiyo. Katika kisa chake, kanali wa chumba cha pili aliingia mbio akaliona lile jambo kwa macho yake, na kabla yake mtoto wa njiani alikwisha kuliona dirishani.

Sisi tusomao Suratul Jinn hatuhitaji kuambiwa kwamba kisichoonekana ni maradhi ya akili. Kwa hivyo mimi niko upande wa marehemu. Nawe msomaji, ukiokota filimbi gofuni, irudishe pale pale ulipoikuta.