Heron wa Aleksandria: aliyefundisha kupima shamba lenye kona zisizolingana

Wakulima wengi nchini, wa Songwe wakiwemo, hupima shamba kwa miguu: hatua 70 kwa hatua 70 ni ekari moja. Kipimo hicho kinafaa shamba likiwa mraba. Lakini shamba lililobanwa na mto upande huu na barabara ya Tunduma upande ule halina umbo hilo. Ukilinunua au kulikodi kwa kukisia, unaweza kulipia ardhi ambayo haipo.

Hesabu ya mashamba ya namna hiyo iliandikwa zamani hapa hapa Afrika, na mtu aliyeitwa Heron.

Heron aliishi Aleksandria, mji wa bandari kaskazini mwa Misri, wakati nchi hiyo ikitawaliwa na Warumi. Katika kitabu chake kimoja alieleza kupatwa kwa mwezi kunakolingana na kule kwa mwaka 62, ndiyo maana wataalamu wengi wanasema aliishi katika karne ya 1.

Alikuwa mtu wa hesabu na wa ufundi pia. Alieleza tufe lililozungushwa na mvuke wa maji yanayochemka. Alieleza pia chombo cha hekaluni kilichotoa maji kidogo mtu alipotumbukiza sarafu, na kifaa cha wapima ardhi cha kulenga sehemu za mbali.

Misri ilihitaji sana wapima ardhi. Mto Nile ulifurika kila mwaka, na mashamba yalitozwa kodi. Kumbukumbu zilizochongwa kwenye hekalu la Edfu zinaonyesha njia ya mkato iliyotumika: kila pande mbili zinazotazamana zilijumlishwa na kugawanywa kwa mbili, kisha majibu mawili yakazidishwa. Shamba likiwa na kona zisizolingana, njia hiyo huongeza ukubwa wake.

Heron alifundisha njia ya haki zaidi katika kitabu chake Metrica: kata umbo gumu kuwa pembetatu, pima kila moja, kisha jumlisha.

Chukua shamba la pande nne. Ukilizunguka kwa kufuatana, pande zake ni mita 130, 140, 90 na 120. Vuta kamba kutoka pale upande wa 130 unapoanzia hadi kona ya mkabala. Tuseme umepata mita 150. Sasa una pembetatu mbili.

Ya kwanza ina pande 90, 120 na 150. Jumla ni 360, nusu yake 180. Toa kila upande kwenye nusu hiyo: unapata 90, 60 na 30. Zidisha 180 × 90 × 60 × 30, kisha tafuta kipeuo cha pili kwa kikokotoo cha simu. Jibu ni mita za mraba 5,400.

Ya pili ina pande 130, 140 na 150. Kwa hatua zile zile unapata 8,400.

Jumla ni mita za mraba 13,800. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, hivyo shamba hili ni ekari 3.4 hivi. Kwa njia ya mkato ya Edfu ungepata 14,300. Mnunuzi angelipia mita za mraba 500 zaidi, karibu moja ya nane ya ekari.

Shamba lenye kona tano hukatwa pembetatu tatu, na lenye kona sita hukatwa nne.

Mwanazuoni al-Biruni aliandika kwamba kanuni hiyo ilijulikana kwa Archimedes kabla ya Heron. Hata hivyo, jina la Heron ndilo lililobaki. Kitabu chake kilipotea kwa karne nyingi, hadi nakala yake ilipopatikana Istanbul mwaka 1896.

Msikilizaji, kabla ya kukubaliana bei ya shamba, nenda na kamba ndefu, na usisahau kupima kutoka kona hadi kona. Pande nne peke yake hazitoshi kukuambia ukubwa wa shamba.