Grace Hopper, mama aliyeifundisha kompyuta kujikusanyia kazi

Kijana ameuza mahindi, akapanda basi hadi Dar es Salaam, akashuka mwendokasi Gerezani na kutembea hadi maduka ya Kariakoo kununua kompyuta mpakato iliyotumika. Amerudi kijijini na kuweka kihariri, yaani programu ya kuandikia maelekezo ya kompyuta. Amenakili mistari michache ya somo la kwanza, kisha anabonyeza kitufe cha kuendesha. Kompyuta inamjibu kwa Kiingereza kwamba amri hiyo haijulikani. Wengi wanaotuandikia wakifika hapo huamini wameuziwa kimeo.

Mara nyingi kompyuta huwa nzima. Kinachokosekana ni mfanyakazi wa katikati, yule anayepokea maandishi ya binadamu na kuyageuza kuwa kitu mashine inachoweza kutenda. Kumwelewa mfanyakazi huyo, njia nyepesi ni kufuata maisha ya mama wa Kimarekani aliyefariki zaidi ya miaka 30 iliyopita, Grace Hopper.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906, akaitwa Grace Brewster Murray. Akiwa na miaka saba alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi. Akafungua moja, vipuri vikamtawanyikia, akafungua nyingine ili aone ya kwanza ilikuwaje, na akaendelea hivyo mpaka saa saba za nyumbani zikaisha. Mama yake alimwachia moja tu ya kuchezea. Nadhani wazazi wengi wa kwetu wangetumia dawa nyingine.

Alisoma hisabati na fizikia katika chuo cha Vassar, akamaliza mwaka 1928, kisha akaenda Yale alikopata udaktari wa hisabati mwaka 1934. Kwa mwanamke wa wakati ule hilo lilikuwa jambo la nadra. Jina la Hopper alilipata kwa mume wake, mwalimu Vincent Hopper, na alibaki nalo hata baada ya kuachana naye mwaka 1945. Alikuwa tayari mwalimu wa hisabati Vassar, kazi ya heshima na ya uhakika, Vita vya Pili vya Dunia vilipoifikia Marekani. Akaiacha, akaenda kujiunga na kikosi cha akiba cha Jeshi la Majini. Walimwona mzee na mwembamba kuliko kipimo cha jeshi, lakini akapewa ruhusa maalumu na kuingia mwishoni mwa 1943.

Mwaka uliofuata alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kwenye mashine iliyoitwa Mark I. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 15 na uzito wa tani zaidi ya nne. Maelekezo yake yalitobolewa kwenye utepe wa karatasi, tundu baada ya tundu, na kazi ya Grace ilikuwa kuyaandaa. Ndiko pia inakotoka hadithi ya mdudu. Mwaka 1947 mafundi wa mashine iliyofuata, Mark II, walimkuta nondo amebanwa ndani yake (nondo mdudu, siyo ya kujengea) wakambandika kwenye daftari la kazi. Wahandisi walikuwa wakiita hitilafu mdudu tangu zamani, ila hadithi hii Grace aliisimulia maisha yake yote, kiasi kwamba watu wengi hudhani neno alilianzisha yeye.

Mwaka 1949 alihamia Philadelphia, kwenye kampuni ya Eckert na Mauchly iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya UNIVAC. Huko ndiko alikofanya jambo linalomhusu kijana wetu.

Tangu Harvard, Grace na wenzake walikuwa na madaftari ya vipande vya programu vilivyokwisha kuthibitika: kipande cha kutafuta kipeuo, kipande cha hesabu za pembe. Aliyehitaji kipande alikiazima na kukinakili kwa mkono. Hapo ndipo makosa yalipoingia. Herufi B ilinakiliwa ikawa 13, na namba za mahali zilizotakiwa kurekebishwa zikajumlishwa vibaya. Grace akaona kichekesho kilichokuwemo: watu wasioweza kunakili wala kujumlisha bila kukosea walikuwa wakifanya kazi hiyo pembeni ya mashine iliyojengwa kwa ajili ya kunakili na kujumlisha.

Anayelijua Gerezani ataelewa haraka suluhisho lake. Fundi akifungua injini hachongi bolti mwenyewe. Anaandika orodha ya spea zenye namba zake, anamtuma kijana madukani, kijana anazunguka, anazikusanya na kuzileta zifungwe mahali pake. Grace alikipa kila kipande cha programu namba ya kukiitia na kukihifadhi kwenye utepe wa sumaku. Mwanahisabati aliandika orodha tu. Kompyuta yenyewe ikaenda kwenye utepe, ikavichukua vipande, ikarekebisha namba za mahali na kutoa programu kamili. Aliiita A-0, ikafanya kazi mwaka 1952. Aina hiyo ya programu kwa Kiingereza ilipewa jina linalotokana na kukusanya, nasi tunaiita kompaila. Wenzake wengi hawakukubali. Kwao kompyuta ilikuwa ya kupiga hesabu, haikuwa na uwezo wa kuandika programu.

Kuanzia hapo kazi ikawa na hatua mbili, na ndizo zilizo kwenye vihariri vya leo: kujenga, ambapo kompaila inageuza maandishi, na kuendesha, ambapo kilichojengwa kinafanya kazi. Kihariri chenyewe mara nyingi hakijengi. Kinatuma amri tu. Kwa hiyo kwa lugha ya C ni lazima uweke kwanza kompaila, kwa mfano gcc, halafu ukiambie kihariri amri ya kutuma. Kwenye kihariri cha Geany, amri ya kujenga huandikwa gcc -o "%e" "%f" na ya kuendesha "./%e". Alama ya %f husimama badala ya jina la faili, na %e ni jina hilo hilo bila mkia wake. Kitufe cha F9 kinajenga, F5 kinaendesha. Ukibadilisha maandishi na kubonyeza F5 bila F9, utaona matokeo ya zamani, kwa sababu hujajenga upya. Python haikudai hatua ya kujenga, lakini nayo yenyewe lazima iwepo kwenye kompyuta.

Kwa simu ya Android ipo programu iitwayo Termux. Unaandika pkg install clang kupata kompaila, kisha clang hesabu.c -o hesabu && ./hesabu. Zile alama mbili katikati zina maana ya kuendesha endapo tu ujenzi umefaulu. Faili iwe ndani ya folda ya Termux yenyewe. Ukiiweka kwenye hifadhi ya kawaida ya simu itakataa kuendeshwa. Humo humo unaweza kutumia kihariri cha Vim, kazi ya Mholanzi Bram Moolenaar, aliyewahi kukaa mwaka mmoja Kibaale, kusini mwa Uganda, akishughulikia maji na usafi katika kituo cha watoto. Ndiyo maana kwa miaka mingi kila aliyefungua Vim, hata awe Tokyo, aliombwa awasaidie watoto wa Uganda.

Turudi Philadelphia. Baada ya A-0, Grace alitaka wafanyabiashara waandike maelekezo kwa maneno badala ya alama za hisabati. Katikati ya miaka ya 1950 aliwaonyesha wakubwa wa kampuni programu ndogo iliyoandikwa kwa Kiingereza, kisha ile ile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Wakashtuka: kompyuta ya Kimarekani itaelewaje Kifaransa? Hoja yake ilikuwa kwamba mashine haielewi lugha yoyote. Neno ni alama, na kompaila inaweza kufundishwa alama yoyote. Wakubwa walitulia pale alipoahidi kubaki na Kiingereza.

Mimi hapo huwa nasimama kidogo. Wasikilizaji wengi huniambia hawajaanza kujifunza programu kwa sababu Kiingereza chao ni kibovu. Ni kweli amri na ujumbe wa makosa vimejaa Kiingereza, na itabidi uyazoee maneno hayo. Lakini Kiingereza kiliingia humo kwa uamuzi wa kibiashara. Kompaila ya mama yule ingepokea jumlisha, soma na andika bila shida yoyote.

Lugha iliyotokana na majaribio hayo iliitwa FLOW-MATIC, nayo ikawa msingi mkubwa wa COBOL, iliyoanza kubuniwa na kamati mwaka 1959, Grace akiwa mshauri wake. Hadi leo mifumo mingi ya benki duniani inaitumia. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka michache tu baadaye, ingawa mwaka 1974 tulijifungia mlango kwa kuzuia uingizaji wa kompyuta nchini.

Jeshi lilimstaafisha Grace mwishoni mwa 1966 akiwa na miaka 60, kisha likamwita tena mwaka 1967 kwa miezi sita, ambayo haikuisha. Alistaafu moja kwa moja mwaka 1986 akiwa na cheo cha admirali na umri wa miaka 79. Kila alipokwenda kufundisha alibeba vipande vya waya vya karibu sentimeta 30 na kuwagawia watu. Huo ndio mwendo ambao umeme hauwezi kuuzidi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na aliwataka wanaoandika programu wajue wanachokitupa wanapoipotezea kompyuta muda. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington. Miaka minne baadaye manowari iliyopewa jina lake, Hopper, ilishushwa majini.