Dk. William Haddon: Aliyekataa kwamba ajali haina kinga

WASHINGTON, D.C. – Wahenga walisema ajali haina kinga. Dk. William Haddon, aliyefanya kazi mjini hapa na kufariki dunia Machi 1985 akiwa na miaka 58, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba kinga ipo.

Haddon alizaliwa mwaka 1926 katika jimbo la New Jersey. Alisoma chuo cha MIT, kisha akasomea udaktari Harvard. Badala ya kufungua zahanati, aliingia idara ya afya ya jimbo la New York. Huko alichunguza vifo vya barabarani kama daktari anavyochunguza malaria: nani anaumia, kinachomuumiza ni nini, na mazingira yakoje.

Mwaka 1966 Rais Lyndon Johnson alimteua kuongoza idara mpya ya serikali ya usalama barabarani. Wakati huo lawama zote alibebeshwa dereva. Haddon aliamini kuwa binadamu hukosea, hivyo gari lazima limlinde anapokosea. Chini yake zikatolewa kanuni za kwanza za mikanda, na za usukani unaojikunja badala ya kumchoma dereva kifuani.

Mwaka 1969 alihamia Insurance Institute for Highway Safety, taasisi inayogharamiwa na makampuni ya bima, akaiongoza hadi kifo chake. Alipigania sana mifuko ya hewa. Serikali ya Rais Reagan ilifuta kanuni husika mwaka 1981. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba sababu zilizotolewa hazikutosha. Haddon hakuishi kuona mifuko ya mbele ikiwa lazima katika magari madogo yote mapya, kuanzia matoleo ya 1998.

Ubavuni kazi ni ngumu zaidi. Mbele kuna bampa na injini vya kupokea pigo. Ubavuni kuna mlango tu. Mfuko lazima ujae ndani ya milisekunde 10 hadi 20. Katika magari mengi, kihisio, ambacho mafundi hukiita sensa, hukaa ndani ya mlango na kupima mgandamizo wa hewa: bati likibonyea ghafla, hewa iliyomo hubanwa. Kingine kwenye nguzo kati ya milango hupima mshtuko. Kompyuta ndogo hulinganisha taarifa hizo, ili mlango uliobamizwa tu usifyatue mfuko.

Taasisi aliyoiongoza, ambayo sasa iko Arlington, Virginia, ilianza kuyapima magari kwa kuyagonga ubavuni mwaka 2003. Takwimu zake zinaonyesha kuwa gari dogo likigongwa upande wa dereva, mifuko ya ubavuni inayolinda kichwa hupunguza hatari ya dereva kufa kwa asilimia 37.

Ndugu msomaji, kabla hujanunua gari lililotumika na kulipeleka nyumbani, washa swichi uangalie taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi. Inapaswa kuwaka, kisha kuzimika. Isipozimika, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameichomoa ili kuficha ubovu.