Bimbisara, Mfalme wa Mashemeji

Wanafunzi wenzangu, mwamjua Bimbisara? Alitawala Magadha, kaskazini mashariki mwa Bara Hindi, yapata miaka 2,500 iliyopita, enzi za Buddha. Masimulizi ya Wabuddha husema alitawazwa akiwa na miaka 15, yaani mdogo wangu! Wakati huo madola 16 yalikuwa yakishindana. Mji wake mkuu, Rajagriha, ulizungukwa na vilima vitano. Kuuvamia haikuwa mchezo. Aliiteka Anga, jirani wa mashariki, akapata bandari ya Champa kwenye mto Ganges pamoja na ushuru wake.

Lakini ujanja wake hasa ulikuwa kuoa. Alimwoa dada wa mfalme wa Kosala, akapewa na kijiji katika nchi ya Kasi chenye kodi ya 100,000. (Huko mali ilitoka kwa kina bibi arusi!) Akaoa tena Vaishali. Wapinzani wawili wakawa mashemeji.

Kumbe adui alikuwa nyumbani. Yasimuliwa kwamba mwanawe, Ajatashatru, alimtia gerezani, akamnyima chakula hadi akafa. Kosala ikakasirika, ikakichukua kijiji, vita vikazuka. Mwishowe Ajatashatru alirudishiwa kijiji, tena akaozwa binti wa mfalme yule yule. Vaishali nayo akaiteka baadaye.