Aggrey: Mwalimu aliyeketi na waliopanga elimu ya Mwafrika

Magharibi mwa Kenya na katika nchi jirani ya Uganda, ni vigumu kumaliza safari bila kukutana na mwanamume aitwaye Aggrey. Huenda wengi wa wenye jina hilo hawajui lilikotoka. Lilitoka kwa mwalimu mmoja, Mfante wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Alizuru Kenya kwa muda mfupi tu mwaka wa 1924, na miaka mitatu baadaye akaaga dunia.

James Emman Kwegyir Aggrey alizaliwa Oktoba 18, 1875 katika mji wa Anomabu. Babake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa chifu, na kazi hiyo ilihitaji mtu anayepima neno kabla ya kulitamka. Mwanawe alisomeshwa na wamishonari wa Kimethodisti mjini Cape Coast na, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, akaanza kufundisha wenzake angali kijana mdogo. Kabla ya kutimiza miaka 25 alikuwa ameshakuwa mwalimu mkuu.

Siasa ilimkuta papo hapo darasani. Mnamo 1897 serikali ya kikoloni ilileta mswada wa kujitwalia usimamizi wa ardhi za wenyeji. Machifu na wasomi wa pwani waliungana katika Chama cha Kutetea Haki za Wenyeji, wakapeleka ujumbe hadi London, na mswada huo ukaondolewa mwaka uliofuata. Aggrey alikuwa miongoni mwa vijana waliokifanyia chama hicho kazi ya ukatibu. Alijionea kwamba serikali inaweza kubadili nia iwapo wanaoikabili wamejiandaa kwa hoja na makaratasi.

Mwaka huo wa 1898 alisafiri hadi Marekani na kujiunga na Chuo cha Livingstone mjini Salisbury, jimbo la North Carolina, taasisi iliyoendeshwa na kanisa la watu weusi. Alihitimu mwaka wa 1902, akabaki hapo kama mwalimu kwa takriban miaka 20. Mwaka wa 1905 alimwoa Rose Douglass, na wakajaliwa watoto wanne. Likizo zilipofika alikuwa akienda New York kuendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Columbia.

Wengi wanaomsimulia Aggrey huiruka miaka hiyo ya Salisbury, na hapo hukosea. Alikabidhiwa makanisa madogo nje ya mji, yenye waumini waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, na ambao kila msimu waliishia kuwa na deni. Pasta huyu aliwafundisha mbinu bora za kilimo na kuwahimiza waweke akiba na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe. Alipokuja kusema baadaye kwamba jembe na kitabu havipaswi kutenganishwa, alisema jambo alilolifanya mwenyewe kwa miaka mingi.

Mnamo 1920 wakfu wa Phelps-Stokes wa Marekani uliunda tume ya kuchunguza elimu barani Afrika, chini ya uenyekiti wa Thomas Jesse Jones. Aggrey aliteuliwa mjumbe, Mwafrika pekee katika msafara huo. Walizunguka Afrika Magharibi, Kongo, Angola na Afrika Kusini. Ndivyo alivyorejea nyumbani baada ya miaka 22, akiwa amefuatana na watu ambao ripoti yao ingesomwa na magavana. Tume ya pili ilikuja Afrika Mashariki mwaka wa 1924, naye alikuwamo tena.

Kenya aliyoikuta haikuwa tulivu. Harry Thuku alikuwa amekamatwa miaka miwili tu kabla, na waandamanaji waliodai aachiliwe walikuwa wamepigwa risasi jijini Nairobi. Shule za Waafrika zilikuwa mikononi mwa wamishonari, nao walowezi wengi walimtaka Mwafrika aelimike kiasi cha kufaa shambani basi. Kila upande ulikuwa na sababu ya kumshuku mgeni huyu. Mzungu angemwona mchochezi, naye Mwafrika angemwona kibaraka aliyeletwa kumtuliza.

Hata hivyo, waliomsikiliza walimkumbuka. Alikuwa na mifano miwili aliyoipenda. Mmoja ulihusu vibao vyeusi na vyeupe vya piano, kwamba wimbo mtamu huvihitaji vyote viwili. Wa pili ulikuwa kisa cha tai aliyelelewa na kuku hadi akasahau kuruka. Zaidi ya hadithi hizo, kilichowagusa ni kumwona Mwafrika msomi akiketi meza moja na Wazungu na kutoa maoni kuhusu shule.

Kuhusu ripoti zenyewe, yafaa tuseme ukweli. Zililaumu serikali za kikoloni kwa kuipuuza elimu ya Waafrika na kuzitaka zishirikiane na misheni kwa fedha na usimamizi. Zilipendekeza pia masomo yanayolingana na mazingira ya kijiji, yaani kilimo, afya na kazi za mikono. Mwaka wa 1925 Uingereza ilitoa waraka wa sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika, na mengi ya mawazo hayo yalionekana humo. Mwaka huo huo Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete kuwaandaa walimu wa vijijini, chini ya James Dougall, aliyekuwa katibu wa tume ya pili.

Msomi W.E.B. Du Bois aliishambulia falsafa hiyo vikali, akihofia kwamba ingemfungia Mwafrika nje ya elimu ya juu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mikononi mwa mlowezi, elimu ya kijiji ingeweza kwa urahisi kuwa elimu ya kumweka mtu kijijini. Lakini Aggrey mwenyewe, aliyejifunza Kilatini na Kigiriki, hakuwahi kuamini kwamba Mwafrika aishie kwenye jembe.

Ushahidi upo Achimota, karibu na Accra. Gavana Gordon Guggisberg alikusudia kujenga huko taasisi itakayomchukua mtoto kutoka shule ya chekechea hadi chuo kikuu, na Aggrey akateuliwa msaidizi wa naibu mkuu, chini ya mkuu wa chuo Alexander Fraser. Hapo alishikilia jambo ambalo wengi walilipinga wakati huo, kwamba wasichana wapokelewe pamoja na wavulana. Aliona kuwa kumwacha msichana nje ni kuiacha nje familia nzima. Achimota iliwapokea. Nembo yake ilichorwa vibao vya piano, vyeusi na vyeupe.

Chuo kilifunguliwa rasmi Januari 1927. Katikati ya mwaka huo Aggrey alirudi New York kukamilisha shahada yake ya uzamifu. Aliugua ghafla homa ya uti wa mgongo, akafariki Julai 30 akiwa na umri wa miaka 51, kabla ya kuimaliza tasnifu yake. Alizikwa Salisbury.

Mwaka huo huo kijana wa Kiambu, Peter Mbiyu Koinange, alisafiri kwenda kusoma Hampton, Marekani, chuo ambacho tume ilikitaja kama mfano wa kuigwa. Aliporejea alifungua chuo cha walimu cha Githunguri mwaka wa 1939, nje ya mamlaka ya wamishonari. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka wa 1952. Kwame Nkrumah, aliyesomea ualimu Achimota, alimtaja Aggrey kuwa miongoni mwa waliomwamsha. Nchini Nigeria, mwalimu Alvan Ikoku alianzisha shule huko Arochukwu mwaka wa 1931 na kuiita Chuo cha Kumbukumbu ya Aggrey. Ikoku alikuja kukiongoza chama cha walimu wa nchi hiyo na kuisukuma serikali kuhusu sera za elimu kwa miaka mingi. Sura yake ndiyo iliyo kwenye noti ya naira 10.