Sayyidna Abubakar Swiddiq (r.a.) na udhhiya

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Kila ifikapo Idd el Hajj, wapo wanaochinja kwa furaha, na wapo akina baba wanaoinamisha vichwa mbele ya majirani kwa kukosa mbuzi. Leo tunawakumbusha wote hao maisha ya Sayyidna Abubakar Swiddiq (r.a.).

Abubakar alizaliwa Makka, akawa mfanyabiashara wa nguo mwenye kuheshimika. Aliposilimu, aliitumia mali yake kuwakomboa watumwa walioteswa kwa ajili ya imani, akiwemo Bilal bin Rabah. Mwaka 622 alihama pamoja na Mtume kwenda Madina. Katika maandalizi ya msafara wa Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, alitoa mali yake yote. Mwaka huo huo Mtume alimteua kuwa Amiri wa Hija. Basi hawezi mtu kumdhania ubahili, wala kutoijua ibada ya kuchinja.

Hata hivyo, sahaba Hudhayfa bin Asid al-Ghifari amesimulia kuwa aliwaona Abubakar na Umar wakiacha kuchinja udhhiya, kwa kuchelea watu wasije wakawafuata wakidhani ni faradhi. Imamu Shafi ameitaja habari hiyo katika kueleza kuwa udhhiya ni sunna. Imamu Abu Hanifa yeye ameona ni wajibu kwa mwenye uwezo.

Abubakar alifariki mwaka 634, baada ya kuusia kuwa alichobakiwa nacho kutokana na ukhalifa kirudishwe katika hazina ya Waislamu.

Ndugu zetu, hatusemi kuchinja kupuuzwe. Mtume mwenyewe alichinja kondoo dume wawili kwa mkono wake, na mwenye uwezo asiikose fadhila hiyo. Tunalosema ni kuwa kiongozi huyu aliiacha sunna aipendayo, ili mnyonge asitwishwe mzigo ambao Mola hakumtwisha. Anayekopa mbuzi ili asisemwe, na anayechinja ng'ombe ili asifiwe, wote wawili wanawatazama watu, ilhali kinachomfikia Mola ni ucha Mungu wetu.

Basi mwenye kuchinja amkumbuke jirani yake. Na asiyejaaliwa aende akaswali Idd na watoto wake, arudi nyumbani kichwa juu. Hana deni kwa Mola wake.

Wabillahi tawfiq.