Gino Bartali: Siri Ndani ya Fremu ya Baiskeli



Kutoka kigangoni kwetu hadi parokiani ni kilomita 22, karibu zote za changarawe, na katikati kuna msitu wenye mlima mkali. Anayepita pale kwa baiskeli anaujua: tairi la nyuma linateleza, kokoto zinaruka, na ukifika juu mapaja yanawaka moto. Kwaresima iliyopita nilipita njia hiyo nikiwa nimefunga kwenye keria unga na sukari ya bibi mmoja mgonjwa. Nikamkabidhi, nikapiga naye picha, nikairusha mtandaoni. Pongezi zikamiminika. Wiki iliyofuata yule bibi akaniomba kwa upole kwamba nikija tena, simu niiache nyumbani. Wajukuu zake walikuwa wameiona ile picha. Jamani, niliona aibu.

Ndiyo maana habari za Gino Bartali zilinichoma moyo.

Gino alizaliwa tarehe 18 Julai 1914 huko Ponte a Ema, kijiji kilicho karibu na mji wa Firenze, Italia. Familia yake haikuwa na mali. Akiwa kijana mdogo alifanya kazi kwa fundi baiskeli, na hapo ndipo alipoonja mashindano. Barabara nyingi za enzi hizo zilikuwa za vumbi na changarawe, zikipanda na kushuka katika vilima vyenye mizeituni na misitu. Ukipata pancha, unaziba mwenyewe.

Mwaka 1936, akiwa na miaka 21, alishinda mashindano makubwa ya kuizunguka Italia. Siku chache tu baadaye mdogo wake Giulio, naye mwendesha baiskeli, alifariki kutokana na ajali katika mashindano. Gino alivunjika moyo, akataka kuacha kabisa. Lakini imani ilimshika mkono. Alikuwa mwanachama wa Aksyo Katolika, akawa pia mtersiari wa Wakarmeli, na alimpenda sana Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu. Mwaka 1938 alishinda mashindano ya kuizunguka Ufaransa. Serikali ya Mussolini ilitaka sifa ziende kwa chama, lakini Gino hakumtolea Mussolini ushindi ule.

Kisha vita ikaja. Septemba 1943 majeshi ya Ujerumani yaliikalia Italia, na Wayahudi wakaanza kusakwa nyumba kwa nyumba. Kadinali Elia Dalla Costa, Askofu Mkuu wa Firenze, aliyekuwa amemfungisha Gino ndoa na Adriana mwaka 1940, alikuwa anasaidia kuwaficha. Wengine walipata hifadhi katika nyumba za watawa huko Assisi. Ila bila vitambulisho vyenye majina mengine, wasingepona. Nani sasa wa kubeba karatasi hizo barabarani, mbele ya askari wenye bunduki?

Kwa mujibu wa ushuhuda uliopokelewa na Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu ya Wayahudi huko Yerusalemu, Gino alikubali kuzibeba. Karatasi na picha alizikunja, akazificha ndani ya bomba la fremu na chini ya siti. Firenze hadi Assisi ni karibu kilomita 180. Kila aliyemwona alidhani yuko mazoezini. Inasimuliwa kwamba aliposimamishwa aliwaomba askari wasiiguse baiskeli, kwa kuwa kila kifaa kilipimwa kwa ajili ya mbio zake. Nao kwa kuwa walimfahamu, wakamwachia. Nyumbani nako alisaidia kuificha familia moja ya Kiyahudi. Hebu fikiria: ana mke, ana mtoto mdogo, na adhabu ya kukamatwa ni kifo. Mwaka 1944 aliitwa kuhojiwa Firenze, katika nyumba iliyojulikana kwa mateso, akatoka salama.

Baada ya vita wengi walisema amezeeka. Mwaka 1948 alirudi Ufaransa akiwa na miaka 33, akaachwa nyuma kwa zaidi ya dakika 20. Tarehe 14 Julai, kiongozi wa chama cha Kikomunisti, Palmiro Togliatti, alipigwa risasi mjini Roma, na Italia ikawa inanusa harufu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kesho yake Gino alipanda milima ya Alpi katika baridi na matope, akashinda. Akashinda tena kesho yake, na tena katika hatua iliyofuata. Mwishoni alitwaa ubingwa, miaka 10 baada ya ule wa kwanza.

Ushindi huo dunia nzima iliujua. Ule wa vitambulisho aliufumbia mdomo. Hata mwanaye Andrea aliambiwa kidogo kidogo, tena kwa sharti la kunyamaza. Alifariki tarehe 5 Mei 2000. Mwaka 2013 ndipo Yad Vashem ilipomtambua kuwa Mwenye Haki kati ya Mataifa.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu. Lakini nikisoma Injili ya Mathayo sura ya 6, pale Yesu anapofundisha juu ya sadaka ya sirini, sasa naona baiskeli inakata msitu, na mpandaji haoneshi kitu.

Nilirudi kwa yule bibi. Simu niliiacha mezani. Leo nimekuambia wewe, basi nimeshapoteza nusu ya siri! Ila nimekuambia kosa langu, si wema wangu. Wiki hii, mtendee mtu mmoja jambo jema ambalo halitaonekana popote. Usimwambie hata rafiki yako wa karibu. Mungu anatosha.

Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, utuombee.